Kulwa wa Desemba na Doto wa Januari

Wanangu, hapa mjini wengi wenu mnaniita Mama Umri, na najua wengine mnadhani ni kwa sababu nimezeeka. Hapana. Jina hilo nilipewa na makocha walionikasirikia, wakati huo nikiwa na meno yote na magoti yasiyolalamika. Ajira yangu ilikuwa kufundisha darasa la kwanza. Lakini kila ilipofika Juni, upepo wa Ufipa ukianza kupenya hadi kwenye mifupa, nilivaa masweta mawili, nikapeleka meza ndogo ya shule uwanjani, nikakaa kuamua nani ni mtoto na nani si mtoto.

Nimesikia mmekabidhiwa ligi ya watoto, na kwamba kikao chenu cha kwanza kilivunjika kwa kelele. Nusu yenu mnataka timu zipangwe kwa mwaka wa kuzaliwa, nusu mnataka kwa darasa. Mmenitumia mtu kuniomba niseme neno moja la kumaliza ubishi. Neno moja sina, nina visa, kwa hiyo kaeni vizuri.

Kazi ile niliipata kwa sababu ya mwandiko wangu. Aliyeniita ni Mwalimu Sikazwe, aliyesimamia michezo ya shule zetu, mtu mrefu aliyevaa koti zito kiangazi na masika. Nilimwambia, "Mwalimu, mimi mpira siujui. Hata kuotea sijui ni kitu gani."

"Nani kakwambia utacheza?" akasema. "Nataka mtu mwenye mwandiko unaosomeka na asiyeogopa wanaume wazima wakipiga kelele."

Wakati huo tulipanga kwa darasa. Darasa la nne kushuka chini ni wadogo, la tano hadi la saba ni wakubwa, basi. Mwalimu mkuu analeta daftari la mahudhurio, unasoma jina, unapiga tiki. Ubaya wake ni mmoja: darasa halikuwa umri. Watoto wetu walianza shule kwa kipimo cha sikio. Mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, akigusa sikio la kushoto anaandikishwa, asipogusa anarudi nyumbani akakue mikono. Wapo waliogusa na miaka sita. Wapo ambao wazazi wao walikumbuka habari ya shule wakati kijana anaweza kugusa sikio, bega na mlango kwa pamoja. Kwa hiyo kwenye dawati moja la darasa la nne ungemkuta mmoja ambaye miguu haifiki sakafuni, na pembeni yake mwingine ananyoa ndevu. Darasani hakuna tabu, wote wanaimba jedwali la saba. Uwanjani yule mdogo anatolewa amebebwa.

Kisha zikaja zile nyakati za ruksa. Maduka yaliyokuwa na kiberiti na chumvi tu yakajaa vitu, mitumba ikamwagwa chini sokoni, watu wakafungua biashara zao waziwazi. Mzee Hemedi, aliyekuwa na malori mawili na duka la vipuri pale mjini, akasema anataka watoto wa mkoa huu wacheze mpira kama watu. Akanunua kikombe kinachong'aa na jezi zenye namba mgongoni. Ninyi mnaona jezi ni kitu cha kawaida. Sisi timu moja ilikuwa inavaa mashati, nyingine inakaa vifua wazi, katika baridi ile.

Mzee Hemedi alikuwa ameona Dar watoto wakipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, akaupenda sana utaratibu huo. "Darasa mtu anaweza kukariri," alituambia. "Mwaka wa kuzaliwa utaukariri vipi?" Basi ikawekwa sheria: kundi ni moja tu, na anayeruhusiwa ni aliyezaliwa kuanzia Januari mosi ya mwaka fulani kuja mbele. Mwaka wenyewe siutaji, maana baadhi ya wahusika wananisikiliza hapa na wake zao wamekaa pembeni.

Sheria nzuri ile. Tatizo likawa, nani ana cheti cha kuzaliwa? Hakuna. Hapo ndipo nilipojifunza kazi.

Mwalimu Sikazwe alinifundisha kwamba mama usimuulize mwaka. Ukimuuliza mwaka atakutajia ule unaoutaka, si kwa uongo, ni kwa heshima tu. Muulize, ulikuwa na mimba yake ulezi ukipandwa au ukivunwa? Jirani gani alijifungua karibu na wewe? Yule wa jirani yuko wapi sasa? Kisha kamtafute yule wa jirani. Cheti cha ubatizo ni kizuri, lakini angalia tarehe ya kubatizwa iko mbali kiasi gani na ya kuzaliwa. Kadi ya kliniki ni nzuri kuliko vyote, kama panya hawajaitangulia. Na meno ya nyuma kabisa hayasemi uongo, ila uombe ruhusa kabla ya kumfungua mtu mdomo.

Nyingine nilizigundua mwenyewe. Timu moja ya upande wa Chala ilikuja na mshambuliaji mwenye shingo kama gogo. Karatasi zake zote sawa. Nikamwangalia, nikaona nikibishana na karatasi nitashindwa. Nikamsalimia tu kwa upole, "Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mwalimu, huyu mdogo tu ndiye ana kikohozi."

Kocha wake alifunika uso kwa kofia. Mimi sikucheka, nilimwelekeza yule bwana dawa ya kikohozi, nikafuta jina.

Timu nyingine ilileta vyeti kumi na kimoja, wino mmoja, mwandiko mmoja, na wachezaji wote wamezaliwa Januari mosi. Nikamuuliza kocha, "Huko kwenu kina mama wanajipanga foleni?" Akasema ni baraka tu. Lakini mwone alivyokuwa mjanja: alijua kwamba ukishaweka mpaka wa mwaka, anayependelewa ni wa Januari. Yule wa Januari na yule wa Desemba ni wa mwaka mmoja kwa karatasi, kumbe mmoja ametembea wakati mwenzake hajazaliwa. Hilo mlifikirie.

Msidhani nilikuwa sikosei. Msimu wa kwanza nilimkataa mtoto mmoja wa kijiji cha Kate kwa sababu ya urefu tu. Nilimtazama nikasema huyu hapana, hata karatasi sikufungua. Kumbe ukoo mzima ni warefu. Kesho yake bibi yake alifika kwa miguu na cheti cha ubatizo amekifunga kwenye khanga, akasimama mbele ya meza yangu, na ilinibidi niinue kichwa kumwona uso. Nikaomba radhi hadharani. Tangu hapo nikajiwekea sharti: nasoma karatasi kwanza, mtu baadaye. Nikawa mkali wa karatasi. Na ukali huo ndio ulionifikisha kwa Kulwa na Doto.

Msimu wa pili wa kikombe kile ilikuja timu ya Kaoze, kule chini bondeni. Walipanda na lori, wakafika wanatetemeka kwa baridi ya huku juu hadi tukawachemshia uji. Miongoni mwao walikuwa mapacha, Kulwa na Doto, wa familia ya wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao kutoka kanda ya Ziwa. Walifanana kabisa. Wote darasa la tatu, dawati moja. Mama yao alikuwa amekuja nao, mwanamke mkimya, akaniwekea mezani kadi mbili za kliniki zilizohifadhiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Safi kama zimetoka zahanati jana.

Nikazisoma, nikarudia. Doto: Januari mosi ya ule mwaka wa mpaka. Kulwa: Desemba thelathini na moja ya mwaka uliotangulia.

"Mama Kulwa," nikasema, "hizi kadi ni sahihi?"

"Ni sahihi, mwalimu. Kulwa alikuja kabla ya saa sita ya usiku, Doto baada yake. Mkunga alikuwa mtu wa saa. Aliandika alichokiona."

Makocha waliokuwa nyuma kwenye foleni wakaanza kucheka. Mimi kicheko hakikunijia. Mkononi nilikuwa na kadi mbili za kweli, pengine za kweli kuliko karatasi zote nilizopokea siku ile, na zilikuwa zinaniambia kwamba kwa sheria yetu mmoja wa watoto hawa ni mkubwa mno kucheza na mwenzake.

"Doto anacheza," nikasema. "Kulwa hapana."

Kulwa alinitazama kama vile nimezungumza Kifipa. "Mimi?" akauliza. Mama yake akamshika bega, wakasogea pembeni. Mngenisikia nilivyojisifu moyoni! Nilijiona hakimu.

Mechi yao ya kwanza walicheza na timu moja ya hapa mjini. Doto alivaa namba saba, mpira anaucheza kwa mguu wa kulia, mbio kama swala. Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Kipindi cha pili kilipoanza, namba saba akapiga kona, kwa kushoto. Nikadhani ni bahati tu. Baada ya dakika kadhaa akamtoka beki wa pili, akafunga, kwa kushoto tena.

Nikakumbuka kwamba Kulwa aliposaini fomu yangu, kabla sijasoma tarehe, alishika kalamu kwa mkono wa kushoto.

Nikasogea hadi kwenye mstari. Namba saba alipopita karibu yangu nikaita, si kwa sauti kubwa, "Kulwa!"

Akageuka.

Tulitazamana. Yeye akajua nimejua, na miguu yake ikapoteza mwendo palepale. Hakuna mwingine aliyetambua, si refa wala wapinzani. Watu wa Kaoze walikuwa wanarukaruka. Mwalimu Sikazwe alikuwa amesimama nyuma yangu na lile koti lake.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona."

"Nifanye nini?"

"Wewe ndiye karani," akasema. "Mimi nimekuja kutazama mpira."

Nilimkasirikia kwa jibu hilo kwa muda mrefu, ila baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananiachia kazi yangu. Niliandika ripoti. Kaoze walinyang'anywa ushindi na kutolewa mashindanoni. Walipokuwa wanapanda lori, Doto alinipita bila kuniamkia. Mama yao aliniamkia, na hiyo iliniuma zaidi, maana niliona wazi kwamba hakujua chochote kuhusu kubadilishana jezi. Walipanga wenyewe wawili wakati wa mapumziko, nyuma ya choo.

Wiki chache baadaye mwalimu mkuu wa Kaoze alipanda mjini kufuata mishahara, akanipitia. "Doto anakuja shule," akasema. "Kulwa ameacha. Yuko na ng'ombe wa baba yake. Anasema yeye ameambiwa ni mkubwa."

Usingizi wa mchana ulinikataa siku hiyo. Jumamosi nikamwomba Mzee Hemedi nafasi kwenye lori lake lililokuwa linateremka bondeni kufuata mpunga. Nikakaa mbele na dereva, kona za mteremko ule nikizipita nimefumba macho, masweta nikiyavua moja baada ya jingine kadiri joto lilivyopanda.

Nilimkuta Mama Kulwa anapepeta mpunga. Akanipa kigoda na maziwa. Nikasema, "Nimekuja kukwambia nilikosea."

"Hukukosea kusoma," akasema. "Ulisoma vizuri. Hiyo sheria yenu ndiyo haijawahi kuzaa."

Akaendelea kupepeta, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, nilikuwa na kopo langu la kadi. Wenzangu kabla ya kupanda lori waliniambia, ya Kulwa iache nyumbani, sema imeliwa na panya. Nikasema hapana, wale ni walimu. Ningekuwa mwongo, wanangu wote wawili wangecheza."

Maneno hayo ninayo hadi leo.

Kulwa alirudi na ng'ombe jua likiwa bado juu. Alisimama mbali na fimbo yake. Nikamwita, akaja hatua tatu.

"Kwa nini umeacha shule?"

Ikatoka yote kwa pamoja. "Darasani nakaa na Doto. Sahani moja nakula na Doto. Ng'ombe tunachunga zamu moja. Halafu uwanjani ndiyo mimi mzee?"

"Mlidanganya mle uwanjani," nikamwambia, maana hilo nalo lilipaswa kusemwa.

"Tulidanganya," akakubali. "Doto alisema nicheze nusu yangu."

"Siwezi kukuahidi kwamba utacheza mwakani. Naweza kukuahidi kwamba nitagombana na watu kwa ajili yako. Lakini nikishinda ugomvi halafu nikukute huku na fimbo, nitakuwa nimegombana bure."

Baba yake, aliyekuwa anasikiliza akiwa zizini, ndiye aliyejibu kwa sauti: "Jumatatu ataenda." Na Jumatatu alikwenda.

Ugomvi wenyewe ulifanyika dukani kwa Mzee Hemedi, katikati ya mafani belti na plagi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama Umri! Wewe uliyekuwa unawatoa watu kwa kikohozi cha watoto wao, leo unaniambia nilegeze? Tukirudi kwenye darasa, si wale wenye ndevu watarudi?"

"Hatulegezi," nikasema. "Tunashika vyote viwili. Mtoto aliye darasa la nne au chini yake, akiuzidi mpaka kwa mwaka mmoja tu, acheze na wenzake wa darasa. Akizidi hapo, kundi la wakubwa."

"Kundi la wakubwa liko wapi? Mimi nina kundi moja."

"Ndiyo kosa letu lilipo, mzee. Ukiwa na kundi moja, kila unayemkataa unamrudisha nyumbani. Mtu anayerudishwa nyumbani lazima atafute karatasi ya uongo. Tukiwa na makundi mawili, hakuna anayekataliwa. Tunamwonyesha tu uwanja wake."

"Na jezi?"

Mwalimu Sikazwe, aliyekuwa amekaa juu ya tairi muda wote, akainua kidole kuelekea sokoni. "Mitumba," akasema.

Mzee Hemedi akacheka hadi akakohoa, akakubali. Tulishinda siku mbili sokoni tukifukua marundo, tukapata fulana za njano za kutosha timu. Kifuani zilikuwa na maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeijua, na picha ya mpishi ameshika samaki. Wakubwa wakazivaa kwa fahari.

Kwa hiyo mkiniuliza mwaka au darasa, nawajibu kwamba kila mpaka mtakaouchora utamkata mtu katikati. Mwaka unawatenganisha wanaokaa dawati moja. Darasa linamweka mtoto mbele ya baba wa watu. Chagueni mnachotaka, ila kabla hamjaondoka kikaoni mwulizane: yule anayebaki nje anakwenda wapi? Kama jibu ni nyumbani, rudini mkae.

Msimu uliofuata Kulwa na Doto walicheza pamoja, mmoja kulia mmoja kushoto, na Kaoze wakafungwa manne bila. Msitegemee niwape hadithi ya kikombe. Kipa wao alikuwa anaogopa mpira. Mapacha walitoka uwanjani wanabishana nani alipoteza pasi ya bao la tatu, na waliponifikia wakaniamkia kwa mpigo mmoja.

Lakini mimi nakumbuka zaidi asubuhi ya kuandikisha, siku mbili kabla. Upepo ulikuwa unataka kunipeperushia fomu, nimezikandamiza kwa mawe. Nikainua kichwa, nikaona foleni ya kina mama. Sijawahi kuiona kabla: makopo, bahasha, vitambaa vilivyofungwa, kila mmoja na kadi yake. Aliyekuwa mbele alitoka Kate, na pembeni yake kijana mwenye mabega mapana, anatazama chini kwa aibu.

Nikanyoosha mkono kupokea kadi. Hakunipa kwanza.

"Mwalimu," akasema, "huyu wangu ni mkubwa. Kocha anasema hakuna atakayegundua umri wake, lakini mimi ndiye niliyemzaa. Mwandike kule kwa wakubwa. Hawa wadogo atawaumiza."